Milima Iliyojengwa kwa Hesabu

Wanafunzi wenzangu, kuna usemi umezagaa mabwenini ati kompyuta kuukuu haiwezi kuzaa kitu cha maana. Mimi nakataa katakata!

Hebu tazameni mchezo wa Comanche, uliotolewa na kampuni ya NovaLogic ya Marekani mwaka 1992. Mchezaji aliendesha helikopta mabondeni, kwenye kompyuta za 386 na 486 ambazo hata simu ya mama mboga leo inazishinda mbali. (Helikopta ya kweli yenye jina hilo iliruka mara ya kwanza 1996, na mradi wake ukafutwa 2004. Mchezo uliitangulia!) Michezo mingi ya urubani siku zile ilichora milima kwa pembetatu chache, ikafanana na mahema. Ya Comanche ilikuwa milima hasa, yenye mikunjo na makorongo.

Siri yake ni ramani mbili. Moja hushika kimo cha kila nukta, ya pili rangi yake. Si ndizo kontua tunazozikimbia katika Jiografia? Kisha skrini hugawanywa katika safu wima nyembamba. Kwa kila safu, kompyuta hupiga hatua kutoka jichoni kwenda mbali. Kila hatua husoma kimo cha ardhi, hukitoa katika kimo cha jicho, halafu hugawanya kwa umbali. Jibu ndilo linaloonyesha pa kuchora. Pembetatu zinazofanana, bwana! Kilichojificha nyuma ya kilima hakichorwi kamwe, na hapo ndipo mashine dhaifu hupumua.

Wenyewe waliuita ufundi huo wa vokseli, yaani vijimchemraba. Kwangu mimi hilo ni jina la sokoni, maana mchemraba hauonekani popote. Nukta ina kimo kimoja tu, kwa hiyo pango haliwezekani, na ukiikaribia ardhi rangi hugeuka matofali. Baadaye kadi za picha zilizoundwa kwa ajili ya pembetatu, kama Voodoo ya 1996, ziliusukuma kando.

Haidhuru. Walimu wetu wapendwa, muhula mzima tunapiga chapa barua na kujaza majedwali. Tupeni kazi hii! Mashine zilizopo zaiweza, na programu yenyewe haizidi kurasa chache. Ramani ya kontua ya Mlima Kenya tunayo darasani. Mimi nimeshaanza kuipigia miraba, natafuta wawili wa kunisaidia kuandika vimo.