Usimlaumu Sista wa Lwakhakha

Wasomaji wangu, kila nikikaa na watengeneza programu wenzangu nasikia wimbo uleule: eti rekodi za kidijitali zimekwama katika zahanati za serikali kwa sababu wauguzi wanaogopa kompyuta. Upuuzi mtupu!

Sista huyo anatuma pesa kwa simu kila siku. Kinachomchosha ni kuandika mara mbili. Akimtibu mtoto anajaza rejista ya MOH 204A, mwisho wa mwezi anajumlisha kwa mkono ajaze MOH 705A, ndipo takwimu ziingie DHIS2, mfumo uliosambazwa nchi nzima mwaka 2011. Wewe unamletea kompyuta, na rejista haiondoki! Foleni nayo imefika nje. Ningekuwa yeye ningeifungia kabatini.

Halafu Lwakhakha ni mpakani. Mto tu ndio unaotenganisha Bungoma na Uganda, na wagonjwa huvuka. Sasa wewe uliyeandika msimbo ukiwa Westlands umelazimisha namba ya kitambulisho cha Kenya kabla ya ukurasa kufunguka. Mama mjamzito wa ng'ambo afanyeje? Sista ataingiza sufuri nane, na kesho akina mama kumi watakuwa na namba moja. Hapo data yako imeoza, na kosa si lake.

Na usiniambie haiwezekani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza na kompyuta mbili na betri ya sola. Daktari hakuhitaji kugusa kibodi: mgonjwa alibeba fomu chumba hadi chumba, mwishoni karani akaiingiza. Watafiti walipopima, muda wa mgonjwa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake. Tukaichukua programu, tukamsahau karani!

Nani anamlipa? Mara nyingi mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wafanyakazi wengi wa miradi ya VVU walirudishwa nyumbani. Zahanati ziko chini ya kaunti tangu 2013, lakini kompyuta mpya ina utepe wa kukatwa mbele ya kamera. Mshahara wa karani hauna utepe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kutuonyesha mfumo mwingine unaong'aa, nijibuni: siku utakapowashwa Lwakhakha, ni rejista ipi itaondolewa mezani? Na karani wake yumo katika bajeti ya nani?