Kompyuta Inapopoteza Kumbukumbu

Ndugu msomaji, kompyuta ya nyumbani siku hizi imekuwa daftari la familia: humo mna hesabu za duka, picha za harusi na kazi za shule za watoto. Kwa hiyo inapoanza kuzimika ghafla, kuonyesha skrini ya buluu, au kukataa kufungua faili lililofunguka vizuri jana, usikimbilie kufuta kila kitu wala kununua nyingine. Huenda ugonjwa umo katika kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu.

Ramu ya gigabaiti 8 ina vijumba zaidi ya bilioni 68, na kila kimoja huhifadhi moja au sifuri. Kijumba kimoja kikiharibika, namba 100 yaweza kugeuka kuwa 36, nawe usijue mpaka siku ya kufunga hesabu. Hapa ndipo penye hatari. Mashine inayozimika hujulikana kuwa ni mbovu, lakini inayoandika uongo kimyakimya huharibu hata nakala za akiba. Hivyo, hatua ya kwanza ni kuacha kuhifadhi kazi juu ya nakala nzuri.

Hatua ya pili ni kupima. Windows inayo programu yake ya kupima kumbukumbu. Ipo pia Memtest86+, isiyolipiwa, ambayo huanzishwa kutoka katika flashi kabla ya Windows kuamka. Iache izunguke mara kadhaa usiku kucha, kwa maana makosa mengine hujitokeza mashine ikipata joto. Kosa hata moja halivumiliki.

Likionekana, zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha sanduku, kisha toa vipande vya ramu na kuvirudisha barabara. Pima tena kipande kimoja kimoja, katika tundu lile lile. Kosa likikifuata kipande, hicho ndicho kibovu. Likibaki na tundu, kasoro imo katika ubao mkuu. Baadhi ya kompyuta za mapajani ramu yake imelehemiwa. Hizo hapana budi zipelekwe kwa fundi. Aidha, kipimo kikipita bila kosa, chunguza feni, vumbi, umeme na diski.

Ndugu msomaji, anayekwenda kwa fundi akijua kipande kilicho kibovu hulipia kipande. Asiyejua huenda akalipia mashine nzima.