Shamba linalobebwa na mshahara wa nesi



Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sababu mnaijua: kiangazi cha Minnesota ni kifupi, na kikija kila mtu hukimbizana nacho. Lakini leo imebidi nikae niandike, maana nimeambiwa ajenda ya kwanza ya kikao cha ukoo ni kuuza kinyungu cha bibi kule Kilolo. Sababu iliyotolewa ni kwamba "shamba linakula hela za dada kila mwaka, wenzetu Marekani hawalimi hasara."

Baba mdogo, shikamoo. Nakuheshimu sana na unajua. Ila hayo ya Marekani naomba niyaseme mimi ninayeishi huku.

Nina mwenzangu tunayefanya naye kazi wodi moja hapa Saint Paul, zamu za usiku. Yeye na mumewe wana shamba dogo la ekari 12 kusini mwa jiji, maeneo ya Cannon Falls, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Huu ni mwaka wa tatu nakwenda kuwasaidia siku zangu za mapumziko, nalipwa mboga, mayai, na mahindi mabichi yakifika. Jamani, mahindi yenyewe ni ya sukari! Mara ya kwanza nilipoyachoma kwenye mkaa nilidhani nimekosea nikachoma keki. Hayana ule ugumu wa mahindi yetu ya kuchoma, lakini mtu ukikaa huku unazoea.

Siku ya shamba mwezi wa sita huanza mapema kwa sababu jua lenyewe halina usingizi. Linachomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na linazama saa tatu usiku. Mboga za majani zinakatwa kabla jua halijakaza, zinazamishwa kwenye maji ya baridi, zinakaushwa, kisha zinaingizwa kwenye chumba baridi. Hapo kuku wameshafunguliwa na mbuzi wamehamishiwa malisho mapya, na uzio wao unapitisha umeme kidogo (niliugusa siku moja, sitaki kuzungumzia). Kisha palizi. Mnaodhani wazungu hawapalilii kwa mkono, karibuni mje muone. Kwenye ekari 12 za mboga mchanganyiko trekta inasaidia kutifua na kubeba, lakini majani yaliyoota katikati ya mistari ya karoti yanang'olewa na mtu aliyepiga magoti, na mbu wa huku ni wakubwa na hawana adabu. Jioni kuna wanyama wanaofanana na swala wanaotoka msituni kula letusi kana kwamba walialikwa.

Saa hizo zote za mwanga ni lazima zitumike, maana baridi ya kuua mimea inaweza kupiga mpaka katikati ya mwezi wa tano na ikarudi mwishoni mwa wa tisa. Ukitoa hapo, una miezi minne na ushee. Sisi wenye kinyungu tunalima bondeni wakati mlimani pamekauka, tukimaliza mvua zinaanza, tunapanda mlimani. Wao wakimaliza, kinachofuata ni theluji.

Na hata hiyo miezi minne haina uhakika. Mwaka juzi, mwezi wa saba, mvua ya mawe ilipiga kama dakika kumi tu. Tulipotoka nje letusi yote ilikuwa kama imepitiwa na ng'ombe. Mume wa mwenzangu alisimama pale mlangoni bila kusema kitu, kisha akaenda kuwalisha kuku.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo hoja ya baba mdogo.

Wanauza kwa njia mbili. Ya kwanza ni hisa: familia za mjini hulipa kabla ya msimu, theluji ikiwa bado iko nje, halafu kila wiki wanapata sanduku la chochote kilichokomaa. Hela hiyo ndiyo inanunua mbegu. Ya pili ni soko la wakulima la Saint Paul, ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1850, na sharti lake ni kwamba unauza ulichozalisha, si ulichokwenda kununua kwa jumla. Jumamosi mume anaondoka shambani usiku wa manane, na mke akitoka zamu saa moja na nusu asubuhi anakwenda moja kwa moja sokoni kupanga nyanya, bado amevaa viatu vya wodini.

Nilimuuliza siku moja, hivi shamba linawalipa? Akacheka. Akasema linajilipa lenyewe miaka mizuri, miaka mibaya analilipa yeye. Mkopo wa nyumba unatoka kwenye mshahara wake wa unesi, na bima ya afya ya familia nzima, ambayo huku ni kitu cha kumfilisi mtu, inatoka kazini kwake.

Na si wao peke yao. Minnesota ina mashamba zaidi ya 65,000 kwa sensa ya kilimo ya mwaka 2022, na takwimu za wizara ya kilimo ya Marekani zimeonyesha miaka mingi mfululizo kwamba ukizipanga kaya za wakulima wa nchi hii, ile ya katikati kabisa hupata hasara kwenye shamba lenyewe. Wanaishi kwa kipato cha nje: ualimu, udereva, uuguzi. Wakubwa wenye maelfu ya ekari za mahindi na soya wana hesabu zao nyingine. Ila mkulima mdogo wa huku, baba mdogo, ana dada anayetuma hela. Tofauti ni kwamba dada wa huku analala nyumba hiyohiyo.

Pale sokoni wauzaji wengi ni Wahmong, watu waliokimbia Laos baada ya vita kumalizika mwaka 1975. Walifika bila ardhi. Mwaka 2011 waliunda chama chao cha wakulima, na chama kina shamba la ekari 155 hapa jirani Dakota County ambalo familia zinagawana kulima. Nikipita pale nawaza: hawa wanahangaika kupata ardhi, na sisi tuliyonayo tunaitafutia mteja.

Hesabu ya kinyungu ilivyosomwa kikaoni ina kasoro moja kubwa. Laki nne ninayotuma kwa mbegu, mbolea na vibarua imeandikwa. Maharage, mboga na mahindi ambayo bibi na wajukuu sita wanakula hayajaandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeyanunua. Yaandikeni kwa bei ya sokoni Iringa mjini, halafu tuongee.

Najua kuna hoja ya mita 60 kutoka mtoni. Hiyo ni kweli, sheria ya mazingira ya 2004 ipo na sisi hatuko juu yake. Basi ule ukanda wa chini tuuache uote miti ya asili, tulime sehemu ya juu. Na yule bwana wa parachichi, kama ana haraka hivyo ya kununua, mwulizeni kwanza kama atakubali kukodi miaka michache. Akikataa kukodi, mtajua ameona thamani ambayo nyie hamjaiona.

Sauti yangu ni hapana. Mama mdogo, siku ya kikao naomba unipigie saa kumi jioni ya kwenu. Kwangu itakuwa saa mbili asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu, na weka sauti ya simu juu ili bibi naye asikie.