TUPIME UPEPO KWANZA, FEDHA ZITOKE BAADAYE

Ndugu wanaushirika na wananchi wote wa Kawajense,

Mkutano mkuu ujao tutaulizwa swali moja kubwa: je, makato yetu ya tumbaku tununulie mashine ya upepo ya kutoa umeme ghalani na ofisini? Wapo pia wenzetu wanaotaka kujinunulia za nyumbani. Nakiri mbele yenu: siku muuzaji alipokuja na picha zake, wa kwanza kunyoosha mkono na kusema "tununue" nilikuwa mimi Katibu. Leo najikosoa.

Najikosoa kwa sababu baadaye nilikaa na ile karatasi yake nikaisoma. Mnajua mimi kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la elimu ya watu wazima, kwa hiyo nasoma polepole, neno kwa neno. Juu pameandikwa kwa maandishi makubwa: wati 1,000. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: upepo wa mita 12 kwa sekunde. Ndugu zangu, hapo ndipo penye mambo.

Upepo wa mita 12 ni ule unaotikisa matawi makubwa, hata mwavuli haushikiki. Upepo wa mita 3 ni ule unaousikia usoni tu, na majani yanachezacheza. Tena hesabu ya upepo siyo kama ya magunia ya mahindi. Upepo ukipungua nusu, umeme haubaki nusu, unabaki sehemu moja ya nane. Basi mashine ile ile ya wati 1,000, upepo ukiwa mita 6 inatoa kama wati 125. Ukiwa mita 3 inatoa kama wati 15, yaani taa mbili tatu basi. Na nyingine hapo hata hazizunguki.

Siupingi upepo. Kule Mufindi, mkoani Iringa, mitambo mitatu mikubwa inatoa umeme wa megawati 2.4. Kenya, karibu na Ziwa Turkana, ipo mitambo 365, ilizinduliwa mwaka 2019. Lakini wale walipima upepo kwanza, wakachagua mahali unapovuma kweli. Na jirani zetu Malawi, kijana William Kamkwamba alitengeneza ya kwake kwa baiskeli mbovu na vyuma chakavu, baada ya njaa ya mwaka 2002, akawasha taa nyumbani kwao. Hata yeye ilibidi aongeze mnara toka mita 5 mpaka 12, kwa maana miti ilimzibia upepo. Na sisi hapa tuna miombo na miembe kila upande.

Kwa hiyo napendekeza hivi:

1. Tufunge bendera juu ya mlingoti mrefu, mahali pa wazi. Asubuhi, mchana na jioni vijana waandike kwenye daftari: imelala, inachezacheza, au imenyooka. Tuandike kiangazi chote na masika pia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Asiyeweza kusimika mlingoti unaopita miti na mapaa ya karibu kwa mita 10, asinunue. Kuifunga juu ya paa ni kutikisa nyumba bure.

3. Muuzaji tumwulize: upepo ukiwa mita 4 inatoa wati ngapi? Mapanga yake, ncha hadi ncha, ni mita ngapi? Mapanga yakirefuka mara mbili, yanakamata upepo mara nne. Dhoruba ikija inajizuiaje? Ikiharibika, fundi yuko Mpanda mjini au Dar es Salaam?

4. Daftari likionyesha bendera imelala siku nyingi, tununue sola. Jua la kiangazi hapa halina ubishi, na sola haina kitu cha kuzunguka kikachakaa.

Muuzaji anasema tukichelewa bei itapanda. Na ipande. Fedha ile ni jasho la mwaka mzima, la wajane na wazee wetu wamo, na ikishatoka hairudi. Mashine isiyozunguka tutaitazama miaka yote, na watoto watatuuliza ni ya nini.

Tusome, tupime, ndipo tununue.

Katibu wa Chama,
Kawajense