Wanaotunza miti ya Uluguru nao wapate chao





Mto Ruvu ukipungua, kama mwaka 2022 ambapo wakazi wa Dar es Salaam walipata maji kwa mgawo, lawama hupanda huku mlimani: tunakata miti, tunachoma moto, tunalima miteremko. Sikatai, yapo hayo. Lakini tuutazame upande wa pili.

Msitu wa juu ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000. Haukatwi mbao wala haulimwi, na ni haki. Ila mwanakijiji anaambiwa azime moto, afichue wezi wa magogo na aache kupanua shamba, naye anauliza: nitakula nini? Maji yakifika mjini yana mita na ankara. Huku yanakochimbuka hayana bei. Shamba la migomba linamlisha, msitu uliosimama haumlishi.

Kule Babati, wananchi walipinga msitu wa Duru-Haitemba kuchukuliwa na serikali. Serikali ikasikia, na miaka ya 1994 na 1995 vijiji vinane vikakabidhiwa msitu huo wa hekta zipatazo 9,000. Wakajiwekea walinzi na sheria ndogo, kwa kuwa ni mali yao. Sisi wa Uluguru hatuombi kuuza mbao. Mali yetu ni maji. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inawatoza ada watumiaji wakubwa. Kwa nini sehemu ya ada hiyo isirudi katika vijiji vya chanzo, kwa ajili ya miche, matuta na mizinga ya nyuki? Na kijiji kitakachoacha msitu wake uungue kikose.

Wapo watakaosema kutunza msitu ni wajibu, si biashara, na kwamba wazee wetu walitunza misitu ya matambiko bila posho. Kweli, lakini wakati huo ardhi ilitosha. Mimi mwenyewe nafundisha watoto wasikate miti, na saa nne uji wao unachemka kwa kuni walizobeba asubuhi.

Naomba wahusika wa Bonde la Wami/Ruvu watujibu katika safu hii.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro Vijijini.