Jukwaa Lililokoma Kuzunguka

Wapo watu wasemao kuwa mchezo ni maneno yake na nyimbo zake, na kwamba mengine yote ni mavazi tu: huvaliwa leo, huvuliwa kesho, na mvaaji akabaki yule yule. Kauli hii hupendeza masikioni, lakini si kweli, na mabishano juu ya Les Misérables yameudhihirisha upungufu wake.

Mchezo huo wa nyimbo, uliotokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, ulionyeshwa London kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1985, chini ya uongozi wa Trevor Nunn na John Caird. John Napier, aliyebuni jukwaa, aliweka kati yake duara lizungukalo. Juu ya duara hilo miaka ilipita, wasafiri walikwenda, na boma la viti na mbao la waasi wa Paris wa 1832 liligeuka mbele ya macho ya watu. Mwaka 2009, kundi la kusafiri lililoanzia Cardiff lilileta mpango mpya wa Laurence Connor na James Powell. Duara liliondolewa, zikaja picha zirushwazo kwa nuru, zilizotokana na michoro ya Hugo mwenyewe. London nayo ilifuata: mpango wa kale ulifungwa Julai 2019, na ule mpya ukaingia mwishoni mwa mwaka huo. Wapenzi wa mchezo wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza lalia kwamba kilichokuwako kisiguswe. Hawa wana mapenzi mengi na hoja chache. Mpango wa London wenyewe ulikuwa badiliko, kwani ulitanguliwa na ule wa Paris wa 1980, ulioongozwa na Robert Hossein. Kama kugusa ni dhambi, basi hicho wakiteteacho kilizaliwa katika dhambi.

Kundi la pili lajibu kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa nyimbo ni zile zile. Hawa ndio wastahilio kupingwa zaidi, maana kosa lao limevaa joho la hekima. Na waulizwe: boma lilipogeuka, watazamaji waliona nini? Waliona upande wa pili. Walimwona mtoto Gavroche akiokota risasi peke yake miongoni mwa maiti. Vita vilipokwisha, boma liligeuka tena, pasipo neno kuimbwa, na Enjolras akaonekana amelala kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Katika mpango mpya watazamaji hubaki upande mmoja pamoja na waasi; mtoto huvuka akaenda mahali wasipopaona, na maiti ya Enjolras huletwa juu ya mkokoteni. Nyimbo ni zile zile, lakini habari siyo ile ile. Zamani mtazamaji alilazimishwa kusimama pande zote mbili za mauti. Sasa amepewa upande mmoja, na huo ni upande wa marafiki.

Haki yataka isemwe pia kuwa mpango mpya una uzuri wake. Valjean ambebapo Marius katika mifereji ya maji machafu, picha husogea nyuma yake, na giza la kalamu ya Hugo humzunguka pande zote. Hilo ni badiliko lenye neno la kusema. Lakini faida ya mahali pamoja hailipi hasara ya mahali pengine, wala mwenye kusifu faida hana ruhusa ya kuificha hasara.

Na ikiwa sababu ya kuondoa duara ni gharama na uzito wa mitambo, basi na isemwe hivyo waziwazi. Uchache wa mali si aibu. Aibu ni kuupa uchache jina la ufufuo.

Mwanafunzi aliyezoea kuisoma tamthilia kitabuni tu na ajifunze hapa. Mwenye kubadili jukwaa hana budi kujibu maswali mawili: kitu hiki kilikuwa kikisema nini, na kile kijacho kitasema nini? Ashindwaye kujibu la kwanza hajastahili kuulizwa la pili. Jukwaa ni ulimi, na ulimi ukikatwa hausemi, hata kama midomo ingali ikichezacheza.