Msaliti ni Nani?

Katika shule za bweni za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini Kenya, mwanafunzi anayefichua njama ya kuchoma bweni huitwa msaliti. Neno limepotoshwa. Mwaka 2016, mabweni ya shule ya wavulana ya Itierio, Kisii, yaliteketea kufuatia mzozo wa kutazama kandanda. Kwa bahati njema hakufa mtu. Mchezo uo huo wa moto, huko Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, uliwaua wavulana 67. Waliobaki waliwazika wanadarasa wenzao.

Mficha maradhi, wahenga walinena, kifo humuumbua. Msaliti basi si asemaye, bali ni yule aliyejua petroli ilikofichwa, akanyamaza, akamwacha mwenzake alale. Walimu wa Kiswahili hawana budi kulirudishia neno hili maana yake.